Maliza Dawa Zote

Nyinyi mnaoanza kazi ya kutoa dawa siku hizi mna raha, na sisemi hivyo kwa wivu. Mna vifuko vyenye mdomo wa kubana, mna mashine ya kuandika maelekezo, mna simu ya kumkumbusha mgonjwa. Mimi nilipoanza, vita vimekwisha juzi juzi tu, tulifungia vidonge kwenye kurasa za madaftari ya shule. Wa malaria anaondoka na hesabu za darasa la nne, wa minyoo anaondoka na insha ya mtoto wa watu kuhusu likizo yake. Kuna mzee mmoja alirudi mara mbili, haumwi chochote, anataka tu ukurasa wa pili ajue yule ng'ombe wa kwenye insha alipatikana au la.

Naitwa Abdala. Kliniki yetu ilikuwa chini ya kilima cha Mbuya, kando ya barabara iendayo Port Bell, karibu na reli kiasi kwamba mabehewa yakipita kwenda kwenye kivuko, chupa zote kwenye rafu zinagongana. Nilikaa nyuma ya kidirisha kile miaka zaidi ya thelathini. Mjukuu wangu, ambaye yuko mwaka wa mwisho wa mafunzo, ameniomba niandike juu ya dawa za kifafa kwa watoto. Anasema vitabu vyao vinaeleza dozi lakini havielezi habari za mama anayekwenda kuitoa hiyo dozi nyumbani. Haya, nitaeleza habari za mama mmoja. Mnivumilie tu, maana mimi sijui kusema jambo bila kuzunguka.

Kwanza mjue nilikuwa kijana wa majivuno. Kwetu ni watu waliokuja na biashara kutoka pwani zamani, mababu wakaoa huku wakakaa, lakini nyumbani hatukuacha kusema Kiswahili. Baba alikuwa mwalimu wa madrasa na alikuwa akinisahihisha ngeli katikati ya chakula, tonge liko hewani. Kwa hiyo nilipokaa kwenye kidirisha na kusikia Kiswahili cha Kampala, Kiswahili cha kambini na cha sokoni, nilicheka. Nilicheka waziwazi. Mtu akisema "mimi nataka ile dawa yako ya jana iko nyeupe," mimi namwiga mbele ya foleni, na foleni inacheka nami, na yeye anacheka pia kwa sababu atafanyaje, dawa ninayo mimi.

Siku moja akaja mama mmoja Mganda, mtoto wake ana kifafa, amezoea kupewa dawa ya jioni kabla ya kulala. Akasema, "Musawo, nataka dawa ya kurara." Mnajua wenzetu wanavyobadilishana l na r, na musawo ndivyo walivyotuita sote, daktari na asiye daktari. Mimi nikasikia "kuhara." Nikampa pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, nikamweleza kwa ufasaha mkubwa jinsi ya kuchemsha maji. Yeye akashukuru. Ameshafika mlangoni ndipo Sista Roda akamshika mkono.

Sista Roda ndiye alikuwa mkuu wa kliniki. Mkenya, Mkristo wa kanisani kabisa, alikuja Kampala na mume wake aliyefanya kazi ya reli, mume akafa yeye akabaki. Mwili mkubwa, sauti ndogo. Akamuuliza yule mama kwa heshima ya Kiganda, "Nnyabo, nirudishie. Umeambiwa nini?" Mama akarudisha: achemshe maji, atie hii, anyweshe kila mtoto akiharisha. Sista akanitazama. "Mtoto wake anaharisha?" Nikasema ndivyo alivyosema. "Hakusema. Wewe ndiye ulisema, mwenzio akanyamaza kwa adabu." Nikajitetea kwamba hajui Kiswahili. Sista akaniambia, "Abdala, wewe unajua Kiswahili cha kusema. Cha kusikia hujaanza."

Ilinichoma, lakini sikujifunza. Nilichukua kama kichekesho, nikakisimulia vibarazani.

Hiyo "nirudishie" ndiyo ilikuwa kazi yake Sista Roda. Mgonjwa haondoki bila kurudisha maneno. Si kwa kuulizwa "umeelewa?", maana kila mtu hujibu ameelewa, hata mimi kwa mkaguzi wa wizara nilijibu nimeelewa. Anamwambia mtu arudishe mwenyewe kwa mdomo wake. Foleni inafika barabarani, jua kali, watoto wanalia, na yeye anamngoja bibi kizee akumbuke kama ni asubuhi na jioni au jioni tu. Mimi niliona anatupotezea muda. Yeye akienda chai, mimi nafyatua watu kumi kwa dakika kumi.

Sasa nije kwenye "maliza."

Miaka ile vidonge vilikuwa adimu, na mtu akipewa vya siku tano anakunywa viwili, akisikia nafuu vingine anavificha kwenye kikombe juu ya kabati. Vya akiba. Mtoto wa jirani akiumwa, anapewa viwili. Shemeji akija kutoka kijijini, anapewa kimoja aonje. Ugonjwa ukarudi kwa nguvu, watu wakasema dawa za kliniki ile ni chokaa. Ikabidi tuwafundishe, na hapo mimi nikaona nimepata jukwaa. Kila mtu niliyempa dawa nilimwambia kwa sauti ya muadhini, "Maliza dawa zote! Usibakishe hata kimoja!" Ikawa wimbo. Foleni ilikuwa ikinidakia, mimi nikisema "maliza," wao wanaitikia "hata kimoja!" Watoto wa mtaani wakiniona nakwenda msikitini wananifuata nyuma wakiniimbia hivyo. Nilijisikia nimefaulu. Na kwa vidonda na vifua nilifaulu kweli, watu walipona.

Mdomo ukishazoea neno, ndugu zangu, unalisema wenyewe. Kichwa kiko mbali.

Mama Zaituni alikuwa mke wa mpishi wa jeshi, wanaishi upande wa Mbuya, watu wa Arua. Mwembamba, mtulivu, kitenge chake kimepigwa pasi hata kama kimechakaa. Binti yake Zaituni alikuwa na miaka sita na alikuwa akianguka tangu ana minne. Walikuwa wameshazunguka. Wameshachanjwa chale, wameshafukizwa moshi, na shuleni walimrudisha nyumbani kwa sababu mwalimu aliogopa mate yake yasiwaambukize wenzake. Kikombe chake nyumbani kwa bibi yake kilikuwa peke yake, kimetundikwa kwenye msumari wake peke yake. Nawaambieni hapahapa, kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kikombe, na mtoto akianguka mgeuze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Nimeona meno mengi yaliyovunjwa na vijiko vya watu wenye huruma.

Daktari wetu, ambaye alikuja mara mbili kwa wiki, akamwandikia fenobabitoni, nusu kidonge asubuhi na kizima jioni. Alimweleza vizuri, lakini kwa Kiingereza na Kiganda, na mama yule vyote viwili vilimpita juu. Alikuwa anategemea Kiswahili, yaani ananitegemea mimi. Na wiki ile Sista Roda alikuwa amevuka mpaka kwenda kwao kumzika dada yake.

Nilimhesabia vidonge vya mwezi. Nilimwonyesha jinsi ya kukata kwa wembe, aweke kidonge juu ya kitambaa kisiruke. Hilo nilifanya vizuri. Nilimchorea jua na nusu duara, mwezi na duara zima. Hilo pia. Nikakunja karatasi, nikamsukumia kwenye kidirisha, na mdomo wangu ukasema, "Maliza dawa zote! Usibakishe hata kimoja!" Foleni ikaitikia. Mama Zaituni akatabasamu, akaifunga karatasi kwenye pindo la kitenge, akaenda.

Mimi nilijua dawa ya kifafa haiachwi ghafla. Nilifundishwa, niliandika kwenye mtihani nikapata alama. Ile dawa mwili unaiegemea, na ukiivuta siku moja mtoto anaanguka vibaya kuliko alivyokuwa kabla hajaianza. Nilijua. Alitakiwa kurudi kabla haijaisha, achukue nyingine, na mwezi ujao nyingine, miaka miwili bila kuanguka na zaidi, ndipo daktari aamue kupunguza polepole. Yote hayo yalikuwa kichwani mwangu siku ile, na hakuna hata moja lililotoka.

Zaituni alikaa mwezi mzima bila kuanguka. Hayo niliambiwa baadaye. Siku za kwanza alilala sana, halafu akachangamka, akarudishwa shule. Alikuwa akiruka kamba. Bibi yake akamruhusu kunywea kikombe cha wote. Vidonge vikaisha, mama akamshukuru Mungu, na kwa sababu aliyekuwa amemaliza dawa zote ni mtu aliyepona, hakuja.

Siku ya nne akaja mbio, mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa ameanza kutetemeka tangu alfajiri na hakuacha. Si kuanguka dakika mbili akaamka. Alitetemeka, akatulia, akatetemeka kabla hajafumbua macho. Daktari alikuwepo, alhamdulillahi, akamchoma sindano, akachoma ya pili, wakampakia kwenye gari kwenda hospitali kubwa. Wakati wanatafuta gari ndipo mama alikuja kwenye kidirisha changu. Hakuja kunilaumu. Akafungua pindo la kitenge, akatoa ile karatasi, tupu, imekunjwa vilevile nilivyoikunja, akaitandaza mbele yangu.

"Daktari, mimi namaliza yote. Angalia. Hata moja hakuna."

Nikaangalia karatasi. Jua na mwezi.

"Lakini iko kitu moja," akasema, na sauti ilikuwa chini. "Wakati nakata na wembe, ile unga-unga yake kidogo ilianguka. Mimi naokota, lakini ingine inapotea kwa mchanga. Pengine ni ile? Pengine sikumaliza muzuri?"

Mimi, mwenye Kiswahili cha ngeli, nilitikisa kichwa tu, na yeye hakuelewa ninatikisa kukataa nini. Gari likapiga honi akakimbia.

Nimeishi na aibu nyingi, kama mtu yeyote, lakini ile ndiyo naiona kila nikifumba macho. Mama wa watu alikuwa anatafuta kosa lake kwenye unga wa wembe.

Zaituni hakufa. Alirudi baada ya wiki tatu na maneno yake yote yamepotea, mguu wa kulia unaburuta. Alikuwa anakujua, anacheka, lakini kusema hakusema tena.

Sista Roda alikuwa amesharudi kutoka msibani. Aliona kadi, akaona tarehe, akaniuliza, "Ulimwambia arudi lini?" Nikamwambia nilimwambia arudi kabla hazijaisha. Nilidanganya. Nilikuwa na mke mjamzito, niliogopa kazi itanitoka, na isitoshe niliogopa zile macho zake. Mnaona, hata ngeli zinanikimbia nikikumbuka.

Sista hakubishana. Alimwita Mama Zaituni ndani na mtoto wake, akamketisha, akamwambia, "Mama, nirudishie. Huyu alikuambia nini?"

Mama Zaituni akanitazama kwa heshima, akaketi wima kama mtoto wa shule anayejua jibu, na akarudisha. Hakurudisha maneno tu. Alirudisha na sauti, kila kitu, ule mvuto wangu wa muadhini. "Maliza dawa zote! Usibakishe hata kimoja!" Kiswahili safi kabisa. Alikuwa amekihifadhi.

Mtu nje, kwenye foleni, akaitikia "hata kimoja!" akacheka.

Nikamwambia palepale. Nilimwambia, "Mama Zaituni, si unga. Ulifanya kama nilivyokuambia, na mimi nilikuambia vibaya. Dawa hii haimalizwi. Kosa ni langu." Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akamfuta Zaituni mate kwa ncha ya kitenge. Halafu akasema neno moja tu, "Kumbe," na akaanza kulia, na Sista Roda akanionyesha mlango.

Sikufukuzwa. Nilitaka nifukuzwe, nikaandika hata barua. Sista akaichana. Akasema, "Ukiondoka, nani atakayekumbuka? Kaa hapo. Utamhudumia wewe mwenyewe." Nilimchukia kwa hilo miaka miwili hivi. Sasa nadhani ndiyo adhabu ya pekee iliyokuwa na faida kwa mtu mwingine.

Basi nikamhudumia, kila mwezi kwa miaka sita. Na humo ndimo nilimojifunza kazi, si chuoni. Nilijifunza kwamba kwa dawa ya kifafa humwambii mtu tarehe, maana tarehe inapotea. Unamfungia vidonge vya siku saba za mwisho kwenye karatasi yake ndogo yenye uzi mwekundu, unamwambia, ukigusa uzi, njoo. Nilijifunza kumpima mtoto uzito kila mara, kwa sababu mtoto anakua na dozi ya mwaka jana inabaki ndogo kama viatu vyake vya mwaka jana. Nilijifunza kwamba mtoto akitapika baada ya kumeza, mama anaogopa kusema, kwa hiyo uliza wewe. Nilijifunza kwamba homa inaangusha hata mtoto anayemeza vizuri. Dawa ikikosekana kwetu nilipanda mpaka mjini duka kwa duka, maana siku mbili tupu ni nyingi. Na lile neno "maliza" nililigawa mara mbili: wa vidonda na vifua niliwaambia, wa kifafa sikuwaambia kamwe. Nilibandika uzi mwekundu kwenye kidirisha, upande wangu, mbele ya pua yangu, unikumbushe kufunga mdomo mtu wa kifafa akifika.

Na kila mtu alinirudishia. Foleni ilinuna, ikasema Abdala amekuwa Sista Roda. Wimbo wangu ukafa. Vijana wa chuo cha Kyambogo waliokuwa wakija kwa vikohozi vyao walinilalamikia kwamba wao wasomi, warudishe nini. Nikawaambia rudisha au ubaki na kikohozi chako.

Zaituni alikuwa akisikia treni anapiga makofi, chupa zikigongana yeye anacheka mpaka anakaa chini. Nilikuwa nikiombea treni ipite siku ya kliniki. Mama yake hakuwahi kunitolea neno baya. Alikuwa anafika, anaketi, na kabla sijauliza anarudisha kwa Kiswahili chake mwenyewe: "Dawa hii hapana maliza. Nikigusa kamba nyekundu, nakuja." Kila mwezi. Wakati mwingine nilitamani anitukane tu tumalize. Neno lile tena, mnaona.

Sista Roda alistaafu, akarudi kwao. Aliondoka bila kuniambia kama amenisamehe, na mimi sikuuliza.

Zaituni alipokuwa na miaka kumi na miwili, Mama Zaituni alifika siku ambayo si yake. Asubuhi, kidirisha ndiyo kwanza kimefunguliwa. Nilimwona peke yake, nikafikiri mtoto amebaki na bibi. Nikamtania kidogo, siku hizo nilithubutu kumtania. "Mama Zaituni, leo umewahi. Kamba nyekundu bado kabisa."

Akafungua pindo la kitenge. Akatoa karatasi, si ile ndogo, ile kubwa, nzito bado, na ile ndogo yenye uzi haijafunguliwa. Akaziweka kwenye kidirisha, akazinyoosha kwa kiganja.

"Unasema isimalize," akasema. "Haimalizi. Dawa iko, daktari. Zaituni hapana."

Homa ya siku mbili. Ilimpanda usiku wa pili, akaanguka, hakuamka. Alikuwa amemeza dawa yake jioni ile, mama yake aliniambia hilo kabla ya lingine lolote, alitaka nijue kwamba alimeza. Nikatoka nje kwa mlango, nikakaa naye kwenye benchi la wagonjwa, na nililia mbele ya foleni yote, na hakuna aliyecheka.

Aliponyanyuka akasema, "Hizi patia mtoto mwingine. Zisipotee."

Utaratibu haukuruhusu, na nyinyi mnaujua utaratibu. Nilizipokea. Nilizihesabu mbele yake, ishirini na tisa na nusu, na ile nusu ilikuwa imekatwa sawasawa katikati, hakuna unga. Hakuna mtoto niliyempa. Ziko hapa nyumbani mezani ninapoandika, hazifai tena kwa mtu yeyote.

Haya. Nimesema mengi, na mjukuu wangu atapunguza anavyotaka. Lakini kabla hamjaondoka na makoti yenu meupe, nirudishieni. Yule mama aliniuliza juu ya unga ulioanguka kwenye mchanga. Mngemjibu nini?